Anko, nichukue mirolesi ya kazi au kale kadogo ka mfukoni?

Shikamoo anko,

Samahani barua ni ndefu, ila naomba uisome yote maana hii hela ikishatoka ndo basi tena.

Mi niko Tanga, Ngamiani, ni mwalimu wa shule ya msingi. Wikiendi na likizo napiga picha kwenye shughuli za akina mama. Nilianza na simu tu, kwenye singo ya binti wa jirani, simu za watu zote zilikusanywa mlangoni kwenye beseni maana siku hizi mwenye shughuli hataki mtu arekodi, watu wako vichwa wazi wamejiachia, wengine wanacheza mambo ambayo hata waume zao hawajawahi kuyaona, basi mama wa biharusi akasema mwalimu peke yake ndo abaki na simu apige. Nikapiga, wakazipenda, toka hapo huyu ananiita yule ananiita. Mpiga picha mwanaume humo ndani haingii hata awe na kamera ya dhahabu, na wanawake tunaopiga hapa mjini tunahesabika.

Sa hivi naazima Canon ya zamani ya shosti wangu, zile zenye kioo ndani, namtoa kidogo kila nikiichukua, ila naye anataka kuanza kupiga mwenyewe, kwahiyo siku yoyote ataniambia basi. Natoza 150,000 kwa shughuli moja, na albamu akitaka anaongeza.

Mwezi huu zamu yangu ya mchezo imefika, nikichanganya na akiba nina 2,600,000. Binamu yangu yuko Muscat, nikamwomba anitafutie huko, kanitumia picha za kamera mbili zote zimeshatumika. Moja ni Sony A7 III, ndo hiyo mirolesi, yani haina kile kioo cha ndani ila lenzi inabadilishwa, pamoja na ile lenzi yake ya milimita 28-70, jumla 2,250,000. Nyingine ni Sony RX100 VII, hii ndogo ya mfukoni, 2,100,000, inang'aa utadhani imetolewa kwenye boksi jana.

Anko ntakuwa mkweli, roho yangu iko kwa hiyo ndogo. Mi nikitoka shule napenda kuzunguka, nyumba za zamani kule mjini, Raskazone jioni jua likizama, mapango ya Amboni, na Pangani ndo usiseme, zile nyumba za zamani karibu na mto na watu wanavuka kwa kivuko na baiskeli zao na kuku wao, naweza kukaa pale kutwa nzima. Nikitoka na Canon ya shosti kila mtu ananigeukia, mara "dada wewe wa gazeti?", mara mtu anadai hela kabla sijampiga, na bega linauma. Hiyo ndogo natia kwenye mkoba nasahau kama nimeibeba, na zumu inafika 200. Binamu anasema sensa yake, ile sehemu ya ndani inayopokea mwanga, ni ya inchi moja kwahiyo picha zake ni za kazi kabisa, na kweli nimeona mtandaoni picha zake nikabaki mdomo wazi.

Mume wangu anasema chukua kubwa, watu wakikuona na kadude kadogo watakulipa kadogo. Kaka yangu yeye anasema wote mnapoteza hela, simu inatosha.

Shida zangu kubwa kwenye shughuli ni mbili. Usiku picha zinatoka na chenga, vyumba vina giza au vina taa za rangi zinazozunguka. Na hina, mama mtu lazima atake picha ya mkono wa mwanae kwa karibu, ua moja moja lionekane. Af siku hizi wameanza kuomba na video fupi fupi.

Binamu anasema mwenye duka atamsubiri mpaka mwisho wa wiki. Nichukue ipi anko?

Mwalimu wa Ngamiani

*

Marahaba anko wangu,

Barua yako nimeisoma yote, na nikwambie mapema ili usikae na presha mpaka mwisho: mwambie binamu achukue A7 III. Shemeji kapatia jibu ila sababu yake siikubali, na hiyo ndogo unayoipenda una haki kabisa ya kuipenda, kuna mambo inaishinda kubwa waziwazi, nitayasema. Ila hela ya mchezo ni hela inayotakiwa kurudi, na inarudi usiku, ndani, kwenye chumba chenye wanawake arobaini na taa mbili. Sio Pangani saa kumi jioni.

Tuanze na hilo giza maana ndo ugomvi wenyewe. Hiyo inchi moja ya binamu ukiipima kwa rula ni milimita 13.2 kwa 8.8, wala haifiki inchi upande wowote, ni jina tu limebaki toka enzi za kamera za video za zamani. Sensa ya A7 III ni milimita 36 kwa 24. Piga hesabu mwenyewe mwalimu, eneo linazidi mara saba na kidogo. Mwanga ule ule ukiingia kwa kiasi kile kile kwa kila milimita, kubwa inakusanya mara saba zaidi kwa picha nzima, na chenga unazolalamikia ni dalili ya mwanga mdogo, hakuna uchawi mwingine. Picha ulizoziona mtandaoni nina uhakika nyingi zimepigwa mchana kweupe, na mchana kweupe RX100 ni kamera hatari, wengi hata hawatojua tofauti. Waambie wakuonyeshe ya saa nne usiku kwenye sebule yenye taa moja ya buluu.

Hapa sasa nikuambie kitu ambacho muuzaji hatakuambia. Hiyo lenzi ya 28-70 inayokuja na A7 III ni dhaifu. Inaanzia f/3.5 na ukivuta mpaka mwisho inakuwa f/5.6, na namba ya f ikipanda tundu la lenzi linazidi kuwa dogo, yani inabana mwanga. RX100 VII inaanzia f/2.8 lakini ukivuta kidogo tu kufikia pale unapopigia sura ya mtu ishakuwa f/4. Kwahiyo kwa lenzi hiyo ISO, zile namba za kuiongezea kamera wepesi wa kuhisi mwanga, utakazotumia kwenye kamera zote mbili zitakaribiana, usije ukashangaa ukasema mbona anko kanidanganya. Utofauti ni kwamba ISO 6400 ya A7 III unaichapisha kwenye albamu mama mtu akafurahi, ISO 6400 ya ile ndogo ngozi inaanza kuwa kama imepakwa rangi ya maji, vile vipambo vya dhahabu vinayeyuka na piko inapoteza kingo. Na A7 III lenzi unabadilisha. Ukija kuweka ya f/1.8, pale ambapo ndogo iko f/4 na ISO 6400 wewe utakuwa ISO 1250 hivi, kasi ya shata, kile kipazia kinachofunguka mwanga uingie, ikiwa ile ile. Hapo ndo huwa wanaachana kabisa, na ndogo haina namna ya kukufuata kwa sababu lenzi yake ndo hiyo hiyo mpaka ife.

Lakini usikimbilie lenzi kwanza. Ungekuwa karibu ningekushika mkono nikupeleke dukani ukanunue flashi, maana kwa kazi yako flashi ya bei ya kawaida inazidi lenzi ya gharama. Na RX100 VII juu haina mahali pa kuchomeka flashi. Ina kale kataa kadogo kanakoruka juu, kanamulika uso moja kwa moja, biharusi anatoka anang'aa paji la uso na pua kama kapakwa mafuta, nyuma yake giza tupu na macho yamekodoka. Kwenye A7 III unachomeka flashi juu, unaigeuza kichwa iangalie dari, sio watu. Mwanga unagonga dari unarudi chini umeshatawanyika, chumba kizima kinapata, singo inaonekana kwenye mabega, shanga zinaonekana, na yule bibi aliyekaa pembeni kwenye mkeka naye yumo. Weka shata 1/125, f/4.5, ISO 800, flashi anza nusu ya nguvu halafu ongeza au punguza kulingana na dari ilivyo juu. Nyumba nyingi za kwetu zina dari ya jipsam nyeupe au mbao zilizopakwa nyeupe, hapo umepata. Dari ikiwa ya rangi, angalia ukuta uliopo mweupe, geuzia huko.

Shughuli ikiwa nje chini ya turubai ndo kuna mtego. Wapambaji wanaweka vile vitambaa vya pinki na zambarau juu, ukigonga flashi pale wote wanatoka pinki, biharusi pinki, somo wake pinki, hata wali pinki. Hapo zima flashi au igeuzie kwenye kipande cha fomeka nyeupe akishike mtoto, panda ISO, tumia taa zilizopo. Na zile taa za rangi zinazozunguka usipambane nazo, subiri zikipita usoni ndo ubonyeze.

Tukija kwenye hina nakupa ukweli wote, hapa ndogo inashinda. RX100 VII ukiwa hujavuta zumu unaweza kusogea mpaka sentimita 8 toka kwenye mkono na bado ikashika fokasi, na kwa vile sensa ni ndogo, kwa f ile ile sehemu kubwa zaidi ya mkono inatoka kali kuliko kwenye kubwa. A7 III na hiyo 28-70 utasimama kama sentimita 30 au zaidi, na ukifungua lenzi sana ua la mbele litakuwa kali la nyuma ukungu. Dawa yake ipo ila ni kazi kidogo, unavuta mpaka 70, unaweka f/8, unagonga flashi darini, unapiga kisha unakata picha ukiwa kwenye kompyuta. Sensa ina megapikseli 24, ukikata nusu bado unabaki na picha ya kutosha kuchapa. Na mkono uwekwe sambamba na kamera, mwambie biharusi aulaze juu ya kanga tambarare, sio aunyooshe kuja kwako.

Kuna lingine la hivyo hivyo. Picha ya kundi, mashosti wamejipanga mistari mitatu na vijora vyao, ukienda na f/1.8 kwa sababu umesikia watu wa mtandaoni wanaisifia, mstari wa mbele utatoka na wa nyuma wataota, na wa nyuma ndo mara nyingi mashangazi, na mashangazi ndo wanaolipa. Kundi ni f/5.6 kwenda juu. Ndogo hayo haikusumbui, karibu kila kitu kinakuwa kikali chenyewe.

Sasa sababu ambayo kwangu ndo nzito kuliko hata giza. A7 III ina matundu mawili ya memori kadi, unaiambia iandike picha ile ile kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja. RX100 ina moja. Kadi hufa bila taarifa, inafanya kazi leo asubuhi jioni kompyuta inakwambia iformati. Picha za Pangani zikipotea utaumia utarudi tena Jumamosi, kivuko kipo. Singo ya mtoto wa mtu hairudiwi, na kwa vile simu zote zilikuwa kwenye beseni hakuna hata mtu mmoja mwenye picha ya kukuokoa. Wewe peke yako ndo kumbukumbu ya ule usiku. Ukifika huko na kadi moja mi silali.

Kuhusu alilosema shemeji, kwamba watu watakulipa kadogo wakiona kadogo, mji mdogo maneno hayo yapo siwezi kukataa. Mi nakwambia tofauti. Kwenye chumba kile wanawake wamekubali kuvua mitandio kwa sharti moja, kwamba wanajua ni nani anapiga na anapiga saa ngapi. Kamera kubwa inaonekana. Ukiinyanyua, asiyetaka anageuka, anajifunika, au anakwambia mwalimu mimi hapana, na kazi inaendelea kwa amani. Kadude kanakofanana na simu, kako kiganjani, hakana mlio, mtu hajui kama unapiga au umeshika tu, itafika siku mgeni mmoja toka Dar atauliza "mbona huyu kabaki na simu?" na hapo shughuli imeharibika. Kwahiyo ule ukubwa unaoukimbia mtaani, ndani ya singo ni heshima kwa wenyewe. Na kwa hilo hilo, zima ile waifai ya kamera ukiwa humo, picha zisipite kwenye simu yako kabisa maana simu zetu hizi zinapandisha vitu mtandaoni zenyewe bila kukuuliza, mkabidhi mama mtu kwenye flashi diski mkononi, na ukitaka hata moja ya kuweka kwenye ukurasa wako wa matangazo omba ruhusa kwa maandishi kwa kila anayeonekana. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi toka 2022, ingawa mama wa biharusi anatisha kuliko sheria.

Video nitapita haraka. RX100 VII ukiiacha ilivyotoka kiwandani inakata video ya 4K kwenye dakika 5 hivi kwa sababu ya joto, unaweza kuibadilisha kwenye mipangilio ila kamwili kake ni kadogo joto halina pa kwenda, na joto la Tanga unalijua. A7 III inakwenda mpaka dakika 29 kwa kipande kimoja. Na betri kwa vipimo vyao rasmi A7 III inapiga karibu picha 710 kwa chaji moja ukitumia kioo cha nyuma, RX100 VII 260. Shughuli inaanza saa mbili usiku inaisha saa nane, hesabu unaijua.

Kitu kimoja cha kujihadhari upande wa kubwa, ina hali ya kupiga kimya bila mlio, utashawishika kuitumia wakati kungwi anaongea. Chini ya taa za LED inaleta mistari mistari inayokatiza picha nzima, huioni vizuri kwenye kioo kidogo unakuja kuiona nyumbani umeshachelewa. Tumia shata ya kawaida, mlio wake ngoma inaufunika. Shata ya RX100 imekaa ndani ya lenzi, iko kimya na mistari haileti, hapo nayo ipewe haki yake.

Sasa kuhusu roho yako. Nimeona umetumia maneno mengi kwa Pangani kuliko kwa singo, na mtu anayeandika vile kuhusu watu wanaovuka na kuku wao asiachwe bila kamera ya kutembea nayo. A7 III na lenzi yake ni karibu gramu 950, RX100 VII ni 302, simwambii mtu eti ni kitu kimoja. Kamera uliyoiacha nyumbani haipigi. Ila kumbuka unakotembea wewe ni pwani. Hizi za mfukoni lenzi inatoka na kuingia kama konokono, chembe ya mchanga ikiingia pale kwenye shingo inakwama nusu njia, kamera inakuandikia uizime uiwashe na haitaki tena, na vumbi likifika kwenye sensa huwezi kulitoa mwenyewe mpaka fundi aifungue yote, na ufundi wake ukiuliza bei unaweza kuamua kununua nyingine. Raskazone upepo ukivuma na kamera ya mfukoni ya milioni mbili, hapana. Ya laki chache sawa.

Kwahiyo ushauri wangu ni huu, kadogo utakapata, ila sio ka milioni mbili na sio kwa hela ya mchezo. Ukishapiga shughuli kadhaa utafute RX100 III iliyotumika, ilitoka 2014, zumu yake inaishia 70 sio 200, ila lenzi ni f/1.8 mpaka f/2.8 yani kwa mwanga hafifu wa magharibi pale Raskazone inaishinda hata hiyo VII uliyoonyeshwa. Zipo na Ricoh GR ambazo ni ndogo kabisa na sensa yake ni kubwa kuliko ya Sony ndogo, hazina zumu, zinakulazimisha umsogelee mtu na kumsalimia, kwa mtu wa Pangani ndo dawa. Fujifilm X100VI watu watakutajia, iliingia 2024 kwa dola 1,599 na kuingia mfukoni haiingii, achana nayo.

Na kaka yako umwambie simu inatosha kwa mchana na kwa WhatsApp. Akikataa mchapishie picha ya singo ya kwenye simu saizi ya A3 akaiangalie.

Hela sasa. Kwenye 2,600,000 ukitoa 2,250,000 unabaki na 350,000, usiongeze lenzi bado. Nunua flashi, Godox TT600S inatosha, hiyo S ya mwisho ndo inayokaa vizuri kwenye Sony, haijisetii yenyewe utaiweka kwa mkono ila na wewe ni mwalimu utajifunza kwa jioni moja, inatumia betri nne ndogo za kawaida, chukua za kuchaji. Kisha memori kadi mbili za GB 64 za kampuni inayojulikana, na usizitumie kabla hujazipima, kuna programu ya bure inaitwa H2testw inajaza kadi yote halafu inaisoma tena, kadi feki zinazoandikwa 64 zikiwa 8 zimejaa madukani na hazikuambii mpaka zijae. Kitakachobaki weka kwa ajili ya betri ya pili ya original. Shughuli tatu za mwanzo zikilipa ndo unatafuta lenzi, FE 50mm f/1.8 ndo ya bei rahisi ingawa fokasi yake ni nzito kidogo na ina kelele, ukiweza kuvumilia zaidi subiri 35mm f/1.8, inaenea kwenye vyumba vyetu vidogo na inasogea mpaka sentimita 22, hina yako imepona.

Binamu kabla hajatoa hata riali moja afanye haya pale pale dukani. Awashe aangalie menyu, Sony zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani zina Kijapani tu na lugha haibadilishwi, na huko Ghuba zinazunguka nyingi. Apige picha moja aitume kwako kama faili kamili, sio kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kuna tovuti ukiipandisha inakusomea shata imepiga mara ngapi, hii ilipimwa kwa 200,000, ukikuta 40,000 vizuri, ukikuta 180,000 mwambie ashushe bei au aondoke. Avue lenzi amulike ndani kwa tochi ya simu, akiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui hizo ni fangasi, asiichukue hata kwa bure, kwenye unyevu wetu wa pwani zitazaana na kuhamia kwenye lenzi nyingine. Aweke f/16 apige ukuta mweupe aangalie madoa. Atie kadi kwenye matundu yote mawili, achomeke flashi yoyote ya dukani juu aone kama inawaka. Mwenye duka akimkimbiza kimbiza katikati ya hayo, basi hiyo sio yenyewe, Muscat ina maduka mengine na wiki ijayo nayo ni wiki.

Na wakati wa kuja, kamera na betri zote za akiba ziwe kwenye begi la mkononi, kila betri imefunikwa vyuma vyake kwa kile kifuniko au hata selotepu. Betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini wa ndege, watamfungulia begi zima pale uwanjani kutafuta betri moja.